Paka wa Bure na Mbwa wa Nyongeza

Mbwa tulimpata kama nyongeza.

Nilikuwa mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, nikinunua sato kwa mvuvi mmoja aliyeonekana ana haraka ya kwenda kulala. Tulipomaliza kuvutana bei nikalipa, kisha nikabaki nimesimama palepale na kikapu changu.

"Mama, si tumemalizana?" akauliza.

"Tumemalizana bei. Bado nyongeza."

"Samaki wameisha."

"Mimi sikusema samaki. Nimesema nyongeza."

Akaangalia ndani ya mtumbwi, akaangalia nje ya mtumbwi, akainua nyavu na kutoa kitoto cha mbwa chenye rangi ya chai ya maziwa, kinanuka dagaa kuanzia pua mpaka mkia. "Haya, nyongeza hiyo. Na wiki hii yote usinunue kwangu, mama. Nenda kwa wengine nao wapumzike kuwa matajiri."

Nilikichukua. Mtu wa sokoni hakatai nyongeza, hata kama hajui atafanya nayo nini.

Na mimi nilikuwa mtu wa sokoni kwelikweli. Kabla ya kuhamia shamba tulipanga chumba Igogo, mjini, na kila asubuhi nilikwenda soko la Mkuyuni kuuza mitumba. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Biashara imefunguliwa, mipaka imefunguliwa, marobota ya nguo yanafunguliwa mbele ya macho yetu na wanawake wanayarukia kama mwewe. Kilichokuwa kinafungwa ni milango ya viwanda tu. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi mume wangu kilipopunguza watu, naye akapunguzwa. Tukafunga virago, tukapanda basi, tukateremka njia panda, tukatembea mpaka kwenye shamba la marehemu baba yake, pale ambapo mashamba ya mpunga yanakutana na ziwa.

Mume wangu alikuwa fundi wa mashine za kusokota nyuzi. Alizoea kelele. Kimya cha shamba kilimwingia mdomoni kikakaa humo. Ukimsalimia anaitikia, ukimpa chakula anakula, basi. Nilijaribu hata kumgombeza ili anijibu. Nilimgombeza kuhusu kuni, kuhusu maji, kuhusu ndugu zake, na sikuambulia neno. Kwa mtu kama mimi, ambaye riziki yake ni kubishana, kuishi na mtu asiyebishana ni njaa.

Halafu kile kitoto cha mbwa kikakua miguu.

Siku moja niko jikoni nasikia kishindo. Mbwa katoka ndani na ndala ya mume wangu mdomoni, ile ya kushoto, anakimbia kuelekea majaruba ya mpunga. Mume wangu nyuma yake, mguu mmoja una ndala, mwingine hauna. Mbwa akaruka tuta, yeye akaruka tuta. Mbwa akakata kona. Yeye hakuwahi. Akaenda kifudifudi kwenye tope, puu! Nikajishika kichwa. Kisha nikasikia sauti ambayo sikuitambua mara moja. Nikasimama mlangoni na mwiko mkononi, nikasikiliza tena nihakikishe nisije nikajidanganya. Alikuwa anacheka. Amekaa kwenye tope mpaka kiunoni, anacheka, na mbwa yuko juu ya tuta na ndala mdomoni, anamsubiri ainuke waendelee.

Tangu siku ile mume wangu akaanza kusema. Alianza kwa kumtukana mbwa, na matusi yakazaa mazungumzo. Jioni alinihadithia mbwa kafanya nini, na mimi nikabisha, naye akabisha kubisha kwangu. Nyumba ikarudi kuwa nyumba. Mbwa yule hakuwa anatulindia kitu chochote, maana alikuwa anawakaribisha wageni wote kwa mkia, lakini nilijua thamani yake, na kwenye mzani wangu alikuwa mzito kuliko gunia la pamba.

Jina hatukumpa. Sokoni nilijifunza kwamba kitu ukikipa jina, huwezi tena kukiuza kwa bei yako.

Paka alikuja kwa njia nyingine.

Panya walikuwa wametuvamia. Walitoboa kihenge cha mpunga, wakahamia kwenye michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, nao wakawa wanavitafuna usiku kucha kwa mlio kama wa watu wanaotembea juu ya kokoto. Ng'ambo ya kijito aliishi bibi mmoja mjane, mkaushaji wa samaki, ambaye paka wake alikuwa amezaa. Nikavuka kwa mawe, nikamkuta anageuza samaki juu ya kichanja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mkwe wetu wa mjini. Umefuata samaki au umefuata maneno?"

"Nimefuata paka."

"Paka ni kuku mtetea mmoja."

Jamani! Kuku mtetea, anayetaga, kwa kitu kinacholala mchana na kula vya bure usiku? Nikakaa chini. Ukinisikia nimekaa chini, jua biashara imeanza. Nilimwambia nitampa jogoo. Akasema jogoo anao, na anawika saa ambazo si zake. Nikashuka hadi mayai. Nikashuka hadi chumvi. Nikashuka hadi kipande cha sabuni kilichokwisha kutumika. Nilimweleza kuwa paka mwenyewe ana sikio lililokunjika, kwamba watoto wa paka wako wengi kuliko wateja, kwamba siku hizi ni soko huria na bei anaipanga mnunuzi. Bibi alicheka mpaka akaweka chini upawa.

"Chukua," akasema. "Chukua, mwanangu, uondoke nifanye kazi. Lakini nakwambia mapema: huku kwetu paka hapewi mtu bure. Acha chochote. Acha hata punje ya mtama. Usipoacha kitu, mwili utakwenda na wewe, miguu itabaki hapa. Na umbebe kwenye kapu lililofunikwa, asione njia."

Hapo ndipo watu wa mjini tunapokosea. Nilisikia neno moja tu, "chukua", mengine yakapita juu ya kichwa. Punje ya mtama niliyokuwa nayo mfukoni niliiacha mfukoni. Tena kwa furaha yangu nilimbeba paka mkononi wazi, nikimwonyesha kijito, nikimwonyesha mawe ya kuvukia, nikimwonyesha na mpapai wetu, mtu angedhani nampeleka bwana harusi kutazama mali.

Paka akakaa nasi siku ile, akaua panya akaweka kwenye mlango, nami nikajisifu mpaka kisimani. Kesho yake mchana akavuka mawe yale yale niliyomwonyesha, akaenda kulala kitandani kwa bibi. Jioni akarudi kula. Kesho kutwa vivyo hivyo. Bibi akawa ananikuta kisimani, mbele ya wanawake wote, anasema kwa sauti ya kanisani:

"Paka bado wangu, mkwe. Hakulipiwa."

"Ni wangu, bibi. Uliniambia chukua."

"Ulichukua mwili. Miguu unaiona mwenyewe inakolala."

Wanawake wanacheka, mimi nainua ndoo yangu naondoka. Nilikuwa naamini nimeshinda. Bei ya sifuri! Mkuyuni nzima hakuna aliyewahi kushusha bei hadi sifuri.

Nyumbani, paka na mbwa walipigana kwa muda mfupi sana. Paka alimzaba mbwa kofi moja puani, mbwa akakaa chini akafikiri, na tangu hapo wakawa marafiki. Kisha wakawa washirika, na hapo ndipo ulipo msiba. Mbwa hawezi kupanda. Paka hawezi kubeba. Siku moja niliweka sahani ya michembe iliyochemshwa na karanga kwenye rafu ya juu kabisa, nikageuka kupuliza moto. Nikasikia mbwa anabweka mara moja, kifupi, kama mtu anayebisha hodi. Nageuka, paka yuko juu ya rafu, anasukuma sahani kwa mkono taratibu, anaiangalia inavyosogea ukingoni, na mbwa yuko chini kafungua mdomo. Sahani ikatua, michembe ikatawanyika, nao wakagawana kwa amani ambayo sijaiona kwenye ugawaji wa mirathi.

Nilipaswa kupiga kelele. Nilimwita mume wangu aje aone. Tukawawekea tena michembe juu, ili wafanye tena! Wakafanya tena. Tulicheka mpaka tukaegemea ukuta.

Kumbe tulikuwa tunafungua chuo.

Mbwa naye alikuwa na biashara yake binafsi, ya kukusanya vitu vya watu. Kila siku alirudi na kitu: upawa, kofia ya mtoto, kifuniko cha sufuria, na viatu. Viatu vyote vya mguu wa kushoto. Hatukujua kwa nini. Kila jioni mume wangu alipita nyumba kwa nyumba akivirudisha, na kila nyumba alikaa kidogo akapiga gumzo, mpaka yule mtu asiyesema akawa anajua habari za kijiji kunizidi mimi. Nilimwambia mbwa anatutia aibu. Akanijibu, "Mbwa ananitembeza." Ilikuwa kweli.

Halafu samaki wa bibi wakaanza kupotea.

Wakati ule magari ya barafu yalikuwa yanakuja mpaka mwaloni kuchukua sangara wa kwenda viwandani, na samaki wa kubaki kwa watu kama bibi walikuwa wachache na wa kugombania. Alichokianika alikijua kimoja kimoja. Akaanika sato, akaenda kanisani, akarudi, nafasi zimeachwa wazi kwenye kichanja. Akaanika tena, zikaachwa tena. Siku ya tatu mtu mmoja akamwona mbwa wa rangi ya chai anavuka kijito na mkia wa samaki umetoka mdomoni kama sigara.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuja kwetu asubuhi. Mguu wa kulia kavaa katambuga, kile kiatu cha tairi. Wa kushoto kavaa buti la mvua. Nikajua mara moja kesi haitakuwa nyepesi.

"Shemeji," akaniambia, hakutaka hata kukaa, "nimekuja kiserikali. Mbwa wenu ni mwizi. Mbwa akishaonja samaki wa watu, dawa yake ni rungu. Vijana watakuja leo jioni."

"Leo? Shemeji, hata mtuhumiwa wa wizi wa kuku anapewa siku ya kusikilizwa."

"Mbwa atasema nini?"

"Nitasema mimi. Nipe wiki."

"Kesho."

"Siku nne."

"Shemeji, hapa si Mkuyuni!"

"Basi Jumamosi. Na isikilizwe palepale kwa bibi, kwenye kichanja, watu wote waone. Mkimuua bila watu kuona, kesho samaki wakipotea tena mtamuua nani?"

Akavuta pumzi. Akaangalia buti lake. "Jumamosi," akasema. "Na katambuga changu nakitaka."

Nilipogeuka, mume wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda, mbwa kalaza kichwa juu ya mguu wake. Nikamwambia tumepata Jumamosi. Hakujibu. Nikamwambia tutafute la kusema. Hakujibu. Nikamgombeza kuhusu kuni. Kimya. Kile kimya cha zamani kilikuwa kimerudi, nacho kilijua njia kama paka. Ningempoteza mbwa na mume kwa rungu moja.

Lakini akili ya sokoni hailali. Nikavuka kijito nikajifanya namsalimia bibi, macho yangu yako kwenye kichanja. Marehemu mumewe alikijenga kwa kimo cha watu warefu. Nikasimama kando yake kujipima: kinanipita mabegani. Nikajipima tena. Nikamkumbuka mbwa wetu na miguu yake mifupi. Na ndani kidogo ya mlango wa bibi, juu ya kitanda cha kamba, sikio lililokunjika lilikuwa limelala usingizi wa haki.

Nilirudi karibu nikiimba.

Jumamosi mchana nusu ya kijiji ilikuwa kwa bibi. Mbwa alikuja na kamba shingoni, anamtikisia mkia kila mtu, hata vijana wa marungu, hasa vijana wa marungu, maana walinuka samaki. Mume wangu kashika kamba, uso umefungwa.

Bibi alisimama akaeleza. Alieleza vizuri, bila chuki. Samaki wale ndio chumvi yake, ndio mafuta yake ya taa, hana mwingine wa kumtazama. Watu wakaguna. Mimi mwenyewe nikaguna, maana alisema kweli.

"Shemeji, zamu yako," akasema mwenyekiti.

"Naomba mshitakiwa apimwe," nikasema.

"Apimwe nini?"

"Urefu."

Watu wakacheka. Nikamgeukia mume wangu. Nilijua ananuna, lakini fundi hawezi kukataa kupima. Akamsimamisha mbwa kwa miguu ya nyuma chini ya kichanja, akamnyoosha mpaka mbwa akapiga chafya. Pua haikufika. Kati ya pua na samaki palibaki viganja viwili.

"Pima tena," nikasema.

Akapima tena. Viganja viwili.

"Anaruka!" akapiga kelele kijana mmoja.

"Mbwa huyu? Mbwa huyu akiruka tuta la mpunga anaanguka upande wa pili," nikamjibu. "Sasa mwenyekiti, naomba kitu kimoja. Sote twende nyuma ya ua wa minyaa. Mbwa afunguliwe. Mwizi wa samaki atajileta mwenyewe."

Bibi akanitazama kwa jicho dogo. Alikuwa mfanyabiashara mwenzangu, na alihisi bei inakwenda kubadilika. Lakini watu walishaanza kukimbilia nyuma ya ua, wanasukumana, wanatafuta matundu ya kuchungulia. Nikajibana katikati ya mwenyekiti na mjamzito mmoja, nasema kimoyomoyo: wewe mbwa, siku zote unaiba, leo tu usije ukawa mwadilifu.

Mbwa akabaki peke yake. Akanusa. Akazunguka kichanja. Akakaa chini, akainua uso juu.

"Anaomba dua," mtu akanong'ona.

Akabweka mara moja. Kifupi. Hodi.

Ndani ya nyumba ya bibi kitanda cha kamba kikalia. Akatoka paka! Akajinyoosha mbele, akajinyoosha nyuma, kama karani anayeanza kazi. Akapanda nguzo ya kichanja, akapita juu ya samaki akichagua, akamwacha mdogo, akamwacha wa kati, akafika kwa sato mkubwa kuliko wote. Akaweka mkono. Akasukuma. Taratibu, taratibu, samaki akasogea ukingoni, watu nyuma ya ua wameacha kupumua, akaning'inia, akaanguka. Mbwa akampokea kabla hajagusa vumbi.

Minyaa nusura ivunjike kwa kelele. Watu walipiga vigelegele. Mwenyekiti alinishika bega akasahau kwamba yuko kiserikali. Tukatoka wote mbio, mbwa akadhani tunampongeza, akamleta samaki akamweka miguuni kwa mume wangu.

Nikapaza sauti ile ya mnadani: "Paka wa nani huyo?"

"Wa kwako, shemeji," akasema mwenyekiti.

"Wangu? Nilimlipia nini? Bibi, siku ile nilikuachia nini?"

Bibi akakunja midomo. "Hukuacha kitu."

"Hata punje ya mtama?"

"Hata punje."

"Na kisimani huwa unasema nini?"

Wanawake wote wa kisimani wakaitikia pamoja: "Paka bado wangu! Hakulipiwa!"

"Basi mwizi ni wa nyumba hii," nikasema. "Anatoka kitandani kwa mwenye mali, anaiba mali, anarudi kitandani. Mbwa wangu ni mpokeaji tu."

"Mpokeaji wa mali ya wizi naye ni mwizi!" akasema yule kijana wa rungu.

"Ndiyo. Lakini anza na mwizi mwenyewe. Mpige paka wa bibi, tukuone."

Rungu likashuka. Huku kwetu hakuna kijana anayetaka kuua paka na kutembea na nuksi yake maisha yote.

Nilidhani nimemaliza. Bibi hakuwa amemaliza. Akakaa chini. Nilipomwona amekaa chini, nikajua biashara imeanza upya.

"Vizuri," akasema. "Paka wangu. Samaki aliokula paka wangu nimekula mwenyewe. Lakini aliokula mpokeaji wako?"

"Bibi, mpokeaji hupata mikia tu."

"Mikia ya samaki wa nani?"

Watu wakacheka, sasa wanacheka upande wake. Nikaona wazi: yule bibi angeweza kunipeleka hivyo mpaka jua lizame, na marungu yalikuwa bado yapo mikononi.

"Nisikilize, mkwe," akasema. "Sitaki damu ya mbwa uani kwangu. Bei yangu ni ile ile ya kwanza. Kuku mtetea. Si jogoo, si mayai, si sabuni yako iliyokwisha. Ukinipa, paka anakuwa wako, miguu na mwili, na wizi wake wote unakuwa wako. Utawafunga, utawafundisha, shauri yako. Mbwa ataishi."

"Lakini," akaongeza mwenyekiti, amekumbuka buti lake, "akionekana tena na kitu kutoka ng'ambo hii, hata unyoya, hakuna mkutano."

Nilikuwa na mitetea minne. Kichwani nikawapitia, nikawapitia tena, natafuta aliye mbaya kuliko wote. Nilikuwa nafungua mdomo niseme "nusu", sijui nusu ya kuku gani, ndipo nikasikia sauti pembeni yangu.

"Mpe," akasema mume wangu. "Mpe yule mwekundu."

Mwekundu! Mtagaji wangu mkuu! Nikamgeukia nibishane naye, nikaona uso wake umefunguka, na mkono wake uko juu ya kichwa cha mbwa. Nikafunga mdomo. Ni mara yangu ya pekee kununua kitu kwa bei ya kwanza.

Mume wangu akaenda kumleta mwekundu, pamoja na katambuga cha kushoto cha mwenyekiti. Bibi akampokea kuku, akampapasa kifua, akamtazama chini ya mbawa, akampapasa tena. "Huyu ni kuku," akasema. Tukarudi nyumbani na paka ndani ya kapu lililofunikwa, asione njia.

Nililala kama mfalme.

Alfajiri nikasikia mkwaruzo mlangoni. Nikafungua. Mbwa wetu amekaa, mkia unapiga vumbi, na mdomoni, mzimamzima, amelowa mate na amekasirika kuliko viumbe wote wa ziwa lile, yuko mwekundu.

Alikuwa amemrudisha nyumbani.

"Baba! Amka! Tumekufa!" Mume wangu akaja mbio, akaona, akashika mdomo. Sikujua anataka kulia au kucheka. "Mfunge mbwa," nikamwambia. "Mfunge ndani. Usimruhusu hata kuchungulia." Nikamviringisha kuku ndani ya khanga, nikakimbia peku kuelekea kijitoni, jogoo wanawika huku na huku, nahesabu nyumba zilizokwisha kuwasha moto. Nikimwacha kuku bandani kabla bibi hajafungua na kuwahesabu, mbwa anaishi. Nikichelewa, hakuna mkutano.

Nikafika kwenye mawe. Nikakanyaga la kwanza, la pili. Nikainua macho. Kwenye jiwe la tatu, kutoka upande wa pili, amesimama bibi, kapu kwapani, khanga kichwani, naye anahema.

Tukatazamana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unakwenda wapi alfajiri hii?"

"Kunyoosha miguu. Na wewe?"

"Kunyoosha miguu."

"Umebeba nini?"

"Kapu. Wewe umebeba nini?"

"Khanga."

Khanga yangu ikasema kokoko. Kapu lake likasema nyau.

Ilichukua muda kidogo kunifikia. Paka! Paka aliyelipiwa, miguu na mwili, aliyebebwa gizani mwa kapu, alikuwa amevuka tena usiku, akaenda kulala kitandani kwake. Na bibi, ambaye maisha yake yote alikifundisha kijiji kwamba paka aliyelipiwa harudi, alikuwa anakimbia kumrudisha kabla wanawake wa kisimani hawajaamka.

"Mwenyekiti ameamka?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Bado. Na wanawake wa kisimani je?"

"Nao bado."

"Basi hatujaonana, bibi."

"Hatujaonana kabisa."

Akanyoosha mkono na kapu, nami nikanyoosha mkono na kuku, juu ya maji, tukabadilishana. Yeye akampapasa kuku kifua, akampapasa tena. Mimi nikafunua kapu, nikaona sikio lililokunjika, nikafunika. Kisha tukaanza kucheka, kicheko cha kubana, mabega yanaruka, kila mmoja anamwambia mwenzake shh, mpaka nikaogopa tutaanguka majini na mali zetu.

Bibi akageuka kuondoka. Mimi nikabaki nimesimama kwenye jiwe.

"Unasubiri nini tena?" akauliza.

"Nyongeza."

Akaingiza mkono kwenye fundo la khanga yake, akatoa kipande cha sato mkavu, mkubwa kama kiganja, akanirushia. "Mpe mpokeaji wako," akasema. "Mwambie siku za mikia zimekwisha."

Nilikuwa nimefika karibu na mlango wetu ndipo nikasimama ghafla. Samaki. Kutoka ng'ambo. Kwa mbwa. Nikamficha samaki kifuani, nikaingia, nikafunga mlango kwa komeo. Tukamla mimi na mume wangu, kwa usalama wa mbwa, huku tunabishana nani kachukua kipande kikubwa. Mbwa tulimpa mifupa chini ya kitanda. Paka alikuwa juu ya rafu, ananiangalia, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye sahani.